Jua Lilipita Kaskazini

Vijana wangu wa melini, siku niliyoacha kazi mlinipa kiti cha uvivu na maneno matamu, kisha mkaniomba niwaandikie kumbukumbu zangu za baharini mpate kujifunza. Nilikubali upesi kwa sababu nilikuwa nimeshiba pilau. Sasa nimekaa chumbani kwangu hapa Kariakoo, siku chache tu tangu nitoke nyumbani kwa mtu niliyemheshimu kuliko wote niliopata kufanya nao kazi, na nina hasira. Basi mtasoma kumbukumbu za mtu mwenye hasira. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, kwani vyeo vilikuwa vichache na mishahara ilikuwa midogo kuliko vyeo. Nitaandika habari ya jua la adhuhuri, ya mtu aliyenifundisha kulipima, na ya alichonifanyia.

Nilipanda meli kwa mara ya kwanza nikiwa kijana, vita vya Wajerumani na Waingereza vimekwisha karibuni. Meli ilikuwa stima ndogo ya mizigo iitwayo Zuhura, mali ya kampuni ambayo haipo tena na sina haja ya kuitaja. Ilikuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda kisiwa cha Ngazija na bandari ya Mjanga huko kusini, ikirudi na mchele, vanila, na ng'ombe waliolia njia nzima. Siku ya kwanza nilipewa ndoo ya majivu ya jikoni nikayamwage baharini. Nikayamwaga upande upepo unakotoka. Majivu yote yakarudi, yakamfunika mtu aliyesimama nyuma yangu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilijua nitapigwa. Yule mtu akajipangusa macho, akaniuliza, "Kijana, upepo unatoka wapi?"

"Popote unapotaka wewe, bwana," nikamjibu kwa hofu.

"Mimi sina haja utoke popote. Nakuuliza unatoka wapi. Lowesha kidole, inua juu, kisha niambie unachokisikia kidoleni, si unachodhani nakitaka."

Huyo ndiye Maalim Abeid. Alikuwa mkubwa wa washika usukani wa Zuhura, mtu wa ukoo wa Waarabu Washihiri wenye duka Mtaa wa Msimbazi, duka la viungo, tende na kamba. Baba yake alimtaka akae nyuma ya mizani, yeye akakimbilia baharini. Watu walimwita Maalim kwa sababu alijua kupima jua, kazi ambayo katika meli nyingine ilikuwa ya maofisa peke yao. Katika Zuhura maofisa walikuwa wawili tu, na mara nyingi mmoja wao alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo kapteni wa zamani alimfundisha Abeid ili pawepo na jicho jingine. Ile sekstanti kuukuu ya meli ikawa kama mali yake. Aliifuta vioo kwa kitambaa cha hariri alichomnyang'anya mkewe.

Mnaoijua kazi hii rukeni sehemu hii, msioijua someni. Adhuhuri jua hupanda mpaka kileleni, husita kidogo, kisha huanza kushuka. Sekstanti ni chombo cha vioo: kwa kioo kimoja unatazama upeo wa bahari, na kwa kingine unaliteremsha jua mpaka likae juu ya ule mstari wa bahari kama yai juu ya meza. Hapo unasoma digrii. Almanaka, kile kitabu cha hesabu za jua, inakwambia leo jua limesimama utosini mwa watu wa wapi duniani. Ukizitoa digrii zako katika tisini, unapata umbali ulio nao kutoka kwa watu hao. Hiyo ni hesabu ya kaskazini na kusini. Ya mashariki na magharibi ilifanywa asubuhi kwa saa kuu ya meli. Ukiziunganisha mbili unapata nukta moja kwenye ramani, kwamba adhuhuri hii meli iko hapa. Nukta hiyo ndiyo inayoamua meli itakunja wapi jioni.

Lakini hesabu inakupa umbali tu. Haikwambii kama uko kaskazini ya watu hao au kusini yao. Hilo unalijua kwa kutazama jua limepita upande gani. Huko Ulaya hakuna anayeuliza, kwa sababu jua lao adhuhuri daima liko kusini. Kwetu sisi, mara mbili kwa mwaka, jua linapita utosini hasa, na siku hizo halina ustaarabu wa kusita. Unalishika likiwa mashariki, ghafla linazunguka kama mtu aliyeitwa nyuma, na kabla hujameza mate liko magharibi. Je, lilizunguka kwa kaskazini au kwa kusini? Ukikosea jibu, nukta yako inaruka maili nyingi kwenye ramani, na meli yenyewe iko palepale.

Maalim alinifundisha nchi kavu, uani kwake nyuma ya duka, siku meli ilipokuwa ikipakia. Kariakoo hakuna upeo wa bahari, kuna kuta na nguo zilizoanikwa. Kwa hiyo alimwaga oili chafu ya mashine kwenye sinia, akaliweka katikati ya ua mpaka likatulia. Unalitazama jua ndani ya oili, unaliteremsha jua la juu mpaka likutane na la sinia, kisha unagawa hesabu yako nusu kwa nusu. Tulikuwa tumeinama pale siku moja akaja jirani, Bi Hadija, akachungulia, akasema, "Maalim, hebu nitazamie na mimi humo kwenye sinia. Mbuzi wangu kaelekea wapi?"

"Bi Hadija, humu mimi naona jua tu."

"Basi liulize. Lenyewe si ndilo linaloona kila kitu?"

Maalim hakucheka. Alimwambia kwa adabu kwamba hawezi kusema asichokiona. Bi Hadija akaondoka akinung'unika kwamba Washihiri wana choyo hata cha ramli. Nakumbuka nilivyojivuna kuwa mwanafunzi wa mtu wa namna ile. Sinia lilikuwa na kasoro moja, nalo nalitaja kwa ajili yenu. Miezi ya jua la utosini halifai kitu, kwa sababu ukiinama juu yake unaona kivuli cha kichwa chako mwenyewe. Siku ngumu kuliko zote katika mwaka ndizo ambazo huwezi kujifunzia nyumbani.

Nilipooa, Maalim ndiye aliyesimama kama shahidi wangu. Nilipopewa usukani, ni yeye aliyewaambia wakubwa kwamba mkono wangu hautetemeki. Niliushika usukani wa Zuhura miaka kadhaa, na niliupenda kwa namna ambayo mke wangu Mwanaidi aliitania mbele za watu. Alisema hata usingizini nashika mto kwa mikono miwili na kuukunja kushoto.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Tulikuwa tunarudi kutoka Ngazija, upepo wa kaskazi unakwisha, jua limekaribia utosini. Kapteni wakati huo alikuwa mgeni kwetu, Mwingereza mrefu aliyezoea bahari za baridi. Sitamsingizia. Alijua kazi, na hakuwa na matusi. Msaidizi wake alikuwa Mgoa, Bwana Kaitano, mtu wa kucheka kila Kapteni alipocheka, hata kama alikuwa hajasikia. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Adhuhuri ilipokaribia walitoka watatu na sekstanti zao. Kapteni, kwa mazoea ya kwao, aliligeukia jua kusini, na kusini kwetu siku hiyo kulikuwa nyuma, kwenye bomba la moshi. Bwana Kaitano akaenda kusimama ubavuni mwake. Maalim Abeid peke yake alibaki mbele akitazama omo ya meli, kaskazini, ambako hapakuwa na kitu ila bahari safi.

Wale wa chini kwenye tanuri walikuwa wanaongeza makaa. Moshi mweusi ukashuka, ukafunika upeo wote wa nyuma wakati uleule jua linageuka. Moshi ulipopita jua lilikuwa limekwisha kwenda magharibi. Kapteni alikuwa amepata digrii zake vizuri, lakini hakuona limezunguka wapi. Akateremsha sekstanti. "Mimi moshi nafunga macho," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nafikiri jua napita kusini. Kaitano, wewe naona wapi?"

"Kusini, sir," akasema Kaitano. Moshi uleule ulikuwa umemfunika yeye pia, bado alikuwa akikohoa.

"Abeid, na wewe?"

Maalim aliutazama uso wa Kapteni. Kisha akasema, "Kusini, bwana."

Kapteni akaingia chumba cha ramani kupiga hesabu, na Kaitano nyuma yake. Maalim akaja kusimama karibu yangu akifuta vioo vyake kwa kile kitambaa cha hariri. Akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na kitambaa, "Ajabu. Mimi nimeliona likizunguka huku mbele, juu ya omo. Kaskazini kabisa."

Nilidhani sikuelewa. "Sasa mbona umemwambia kusini?"

"Ameshasema."

"Lakini amekuuliza, Maalim!"

"Ameniuliza akiwa ameshasema mwenyewe. Mkubwa hakuulizi hivyo ili umpinge mbele ya msaidizi wake. Tazama dira yako."

Nikamwambia aende akaseme. Akaendelea kufuta kioo. Nikamwambia mara ya pili, akakikunja kitambaa. Basi nikafanya jambo ambalo mshika usukani hafanyi. Nikapaza sauti, "Kapteni! Abeid ameliona jua likipita kaskazini!"

Kapteni akatoka na penseli mkononi. Naomba mlishike hili, kwa sababu watu wakisikia hadithi hii hupenda kumlaumu Mzungu upesi wakaondoka wameridhika. Yule Mzungu alitoka. Alimgeukia Abeid akamwuliza vizuri, bila ukali, "Abeid, kweli? Wewe naona kaskazini?"

Maalim hakunitazama. "Hapana, bwana. Kusini. Huyu kijana anapiga soga tu."

Kapteni akanigeukia mimi. "Wewe kazi yako dira. Funga mdomo, tazama dira."

Nukta ikawekwa kwenye ramani. Ikaonekana tuko mbele sana kuliko tulivyotazamia, na Bwana Kaitano akafurahi, akasema mkondo wa bahari umetusukuma. Kila baharia wa pwani hii anajua kwamba msimu wa kaskazi mkondo huo huwa umelegea, lakini siku ile kila mtu darajani, pale juu penye usukani, aliupenda mkondo, maana ulitufikisha nyumbani mapema. Njia yetu ilikuwa kuiacha Mafia mkono wa kushoto, na tukiisha kuipita ncha yake ya kaskazini tukunje kushoto kuja Dar es Salaam. Saa ya kukunja ilipofika nilikuwa nimerudi kwenye usukani kwa zamu yangu ya pili. Kapteni akanipa njia, nikairudia kwa sauti kama desturi, nikaishika. Jua lilikuwa linazama. Tulitazamia kuuona mwanga wa mnara wa ile ncha, hatukuuona. Kapteni akasema manyunyu yameuziba. Maalim alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Alikuwa na muda wa kutosha wa kusema, na hakusema.

Meli ilipanda mwamba upande wa mashariki wa Mafia. Mlio wake sitausahau, ulianzia chini ya miguu yangu ukapanda mpaka kwenye meno. Sufuria zote za jikoni zikamwagika, ng'ombe wakaangukiana, watu wakaita majina ya mama zao. Hakufa mtu, Mungu alitusitiri. Mchele ukatupwa baharini kupunguza uzito, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ilipofika tukavutwa kutoka pale, tumbo la meli limechanika. Muda wote ule wa kungoja maji nilijua mahali pale ni pa nini. Ni mahali anapofika mtu aliyeambiwa jua limepita kusini, nalo limepita kaskazini.

Kikao cha kuchunguza ajali kilifanyika katika jengo moja karibu na bandari. Kapteni alizungumza kwanza, na alizungumza kama mtu mkweli, jambo ambalo hadi leo linanichoma. Alisema nukta yake ya adhuhuri aliitilia shaka mwenyewe, kwa hiyo akauliza watu wawili, nao wote wakamthibitishia. Kwa hiyo nukta ilikuwa sahihi. Njia aliyotoa kutokana na nukta ile ilikuwa sahihi. Basi kosa limetokea baada ya hapo, nalo haliwezi kuwa pengine ila kwenye usukani. Akaongeza kwamba mshika usukani yuleyule adhuhuri alikuwa akipiga kelele badala ya kutazama dira. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa mgeni katika chumba kile, ningeyaamini.

Nilipopewa nafasi nilisema yote, mkalimani akayatafsiri. Wakamwita Maalim. Alikuwa amevaa kanzu mpya na koti. Mkalimani akamwuliza, "Siku ile adhuhuri wewe ulikuwa na sekstanti. Jua lilipita upande gani?"

Nilimtazama usoni. Mtu huyu ndiye aliyeniambia nilowanishe kidole. Alitazama meza, akasema, "Kusini."

Wakaniondoa kwenye usukani siku ileile, na nikakatazwa kukanyaga darajani katika meli yoyote ya kampuni ile. Kapteni alinipa mkono nilipotoka, akaniambia pole, mimi bado kijana. Kaitano alinipa pole pia, kwa kuwa Kapteni alikuwa amekwisha kunipa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika Mnazi Mmoja nikasikia viatu vinanifuata haraka. Ni Maalim. Uwanja ulikuwa mtupu mchana ule, hakuna aliyekuwa karibu nasi. Nikamngoja.

"Kibwana," akasema, "usinione mbaya. Najua lilipita kaskazini."

"Unamwambia nani? Mimi? Mimi nilikuwepo. Rudi ukawaambie wale!"

"Nikirudi nikasema hivyo wataniuliza kwa nini nilisema kusini melini. Wataninyang'anya sekstanti. Baada ya hapo hakuna mtu mweusi wala Mwarabu atakayeishika tena. Wewe hukufikiri hilo?"

"Na mimi wameninyang'anya nini?"

"Wewe bado kijana, utapata kazi nyingine."

Ilikuwa mara ya pili siku moja naambiwa mimi kijana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Mwanaidi anasoma ninachoandika. Nikamwacha amesimama uwanjani na kanzu yake mpya. Nilipofika nyumbani Mwanaidi aliniuliza swali moja tu, "Kwani Maalim hakusema?" Nikalala chini nikageukia ukuta.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi kwenye matishari, yale majahazi bapa yanayopakua mizigo ya meli na kuileta gatini. Ni kazi ya mgongo, haina dira wala jua, labda jua la kukuchoma. Hapa Kariakoo nilipata jina. Nikipita sokoni wauza samaki walikuwa wanaambiana, "Mpeni Kibwana mkokoteni, tuone kama hatauparamisha ukuta." Nilicheka nao, ukigombana na wauza samaki utakula mchicha. Lakini niliumia. Mwanamume anaweza kuvumilia kuitwa mwizi kama ameiba. Mimi niliitwa mtu asiyejua kushika usukani, na usukani ndicho kitu pekee nilichokijua barabara duniani. Maalim nilikuwa namwona msikitini Ijumaa. Tulisalimiana, yeye akiuliza hali ya nyumbani, nami nikimjibu kwa neno moja. Shikamoo yangu hakuipata tena, na nadhani aliligundua hilo.

Siku moja kapteni wa stima nyingine, mzee Mnorwe mwenye ndevu za kutisha, aliuguliwa na watu wake wawili hapa bandarini, akatafuta mshika usukani kwa haraka. Sina hakika kama hakusikia habari zangu, au alisikia akaona hana la kufanya. Alinipa usukani tukaenda Lindi tukarudi, kisha akaniambia nibaki. Huyo ndiye aliyenipa tena sekstanti mkononi, na kwenye meli yake ndiko nilikoanzisha ile desturi ambayo nyinyi mnaijua na mnainung'unikia. Wapimaji wanasimama wamepeana migongo. Hakuna anayesema neno, hata mkubwa, hasa mkubwa. Kila mmoja anaandika kwa chaki kwenye kiganja chake digrii alizopata na upande jua lilikopita, anafunga ngumi. Kisha ngumi zinafunguliwa pamoja. Yule mzee alipoisikia mara ya kwanza alicheka akasema huu ni mchezo wa watoto. Nikamwambia kweli, kwa sababu watu wazima wanadanganyana.

Siku moja ngumi zilifunguliwa, yake ikasema kusini na yangu ikasema kaskazini. Alikasirika akawa mwekundu. Tukabishana nusu ya mchana. Mwishowe, kwa kuwa hatukuafikiana, alipunguza mwendo tukangoja mpaka nyota za jioni, tukazipima. Nani alikuwa amepatia? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na sijibu, kwa sababu halina maana. Tulifika. Mnaoona aibu kupingana na mkubwa, kumbukeni kwamba mkubwa naye yumo melini, na akizama atazama na cheo chake. Chaki ni rahisi. Ikifutika kwa jasho, andikeni kwa mkaa.

Macho yangu yalianza kuona ukungu, nikaacha kazi, mkanipa kiti. Sasa sikieni kwa nini nina hasira leo, wala si zamani.

Maalim Abeid alikuwa anakwenda Hija. Amezeeka, ana mvi mpaka kwenye nyusi, na duka la baba yake sasa ni lake. Mnajua desturi yetu: anayekwenda Maka hutaka radhi kwa watu kabla ya kuondoka, asije akasimama kule na dhambi ya mja mwenzake. Alialika watu baada ya sala ya alasiri, nami nikaalikwa. Mwanaidi akanisihi niende, akasema labda safari hii amejiandaa. Sebule ilijaa: majirani, jamaa zake, mabaharia wa zamani, wazee wa msikitini. Ikasomwa dua, tukapewa kahawa na halua. Kisha Maalim akainuka, akazunguka chumba akimshika kila mtu mkono.

"Kama nimekukosea lolote, nisamehe."

"Nimekusamehe, Maalim, na wewe nisamehe."

Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Lilizunguka sebule nzima kwa sauti ileile moja, kila mmoja akichukua neno la mwenzake kabla halijapoa, na mimi nimekaa karibu na mlango nikisikiliza. Niliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya Bwana Kaitano. Akafika kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kibwana, kama nimekukosea lolote, nisamehe."

"Lolote silijui," nikasema. "Nalijua moja. Jua lilipita wapi?"

Mikono yake ikalegea lakini hakuniachia. Mzee mmoja wa msikitini akaniambia, "Kibwana, mwenzio anakwenda Maka."

"Ndiyo maana namwuliza leo, mzee wangu. Akirudi atakuwa Haji, nitaona haya kumwuliza." Nikamgeukia. "Maalim, hapa wapo watu niliofanya nao kazi. Wapo wauza samaki. Wote wanajua mimi ndiye niliyeipandisha Zuhura mwambani. Waambie wewe uliona nini. Neno moja tu."

Aliwatazama watu. Aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa amewazunguka, na mimi nilimwona kabisa anavyopima uso wa kila mtu akitafuta wanataka kusikia nini. Kisha akasema, "Mambo ya zamani yale, Kibwana. Kapteni mwenyewe alikwisha sema."

Nikautoa mkono wangu. Nikatoka, nikavaa viatu barazani. Viatu havikuingia upesi, na hapo akanifikia. Akaurudisha mlango nyuma yake, akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio langu. Machozi yalikuwa yanamtoka, nami sitasema hayakuwa ya kweli.

"Kaskazini," akanong'ona. "Lilipita kaskazini, Kibwana. Nisamehe."

"Hilo uliniambia Mnazi Mmoja. Ingia ndani ukawaambie wao, nami nitakusamehe hapohapo, mbele yao."

Akaushika mlango. Nilisimama barazani nikimngoja, watu wa Msimbazi wanapita wakitusalimu, na yeye ameshika mlango ule wala hausukumi. Nilipochoka kungoja nilimwacha hapohapo, nikaja zangu nyumbani.

Jana meli ya mahujaji iliondoka naye. Nusu ya mtaa walikwenda gatini kumuaga, mimi sikwenda. Watu wanasema nina roho mbaya, kwamba nimemwacha mzee wa watu aende Maka na mzigo. Labda ni kweli. Lakini radhi yangu bado iko hapa, sikuitupa wala sikumpa mwingine. Akirudi salama, siku watu watakapoijaza sebule yake kumpokea, nitakaa palepale karibu na mlango.